Goti la Shangazi Stamena

Nilianza na goti lake.
Kabla ya bei, kabla ya mandhari, kabla ya kifungua kinywa,
nilianza na goti la kushoto la Shangazi Stamena
lililopasuliwa mwezi Machi huko Melbourne.
Nikaazima mkongojo wa jirani,
nikaupanda mji wa kale wa Plovdiv
kana kwamba nina miaka sabini na tisa.

Watu walinitazama. Kijana mzima,
anachechemea, anahesabu kwa sauti.

Hoteli ya kwanza: dari ya mbao iliyochongwa jua,
mapazia mazito, na bwana wa mapokezi
anayetamka "mandhari" kama anayemimina asali.
Vidato thelathini na kimoja. Lifti hakuna,
jengo la kale haliguswi.
"Lakini ukifika juu," akasema, "unauona uwanja wote wa Warumi."
Anayefika juu akihema haoni kitu, nikamjibu.
Adhabu ya ngazi aijuaye ni goti.

Ya pili iko chini, tambarare,
kwenye barabara isiyopita magari.
Nikalala humo usiku mmoja kwa fedha yangu.
Godoro jema. Ila saa nane ya usiku
baa ya jirani ilikuwa bado inapiga ngoma kifuani mwangu,
na saa kumi gari la taka likaja kumeza chupa,
moja,
moja.

Ya tatu sikumtajia kwenye simu.
Nyumba ya samawati, ghorofa yake imeinamia njia
kama mtu anayetaka kusikia umbea wa watu wanaopita.
Sasa ina nyota nne,
na kidimbwi cha samaki palipokuwa na banda la kuku.
Shangazi alizaliwa humo.
Mimi nilipita upande wa pili, kichwa chini,
kama ninayemkwepa mdai wangu.

"Na nyumba yetu, Naiden? Nasikia imekuwa hoteli."
Nikanyamaza.
"Wanatoza kiasi gani?"
Nikamtajia. Akacheka mpaka akakohoa.
"Nilipe ili nilale chumba nilichokifagia bure!
Hapana. Nitafutie mahali pengine, si mbali.
Nitoke kwa miguu yangu, niitazame, nichoke, nirudi.
Zamani niliondoka pale sina pa kurudi.
Safari hii nataka kuwa na ufunguo mfukoni, wa mlango mwingine."

Basi nikageuza hesabu.
Nikaanzia kwenye lango la samawati, nikashuka na mkongojo.
Hatua ya tisini: kivuli cha kanisa.
Hatua ya mia na arobaini: benchi, mguu mmoja mbovu.
Hapo mawe yanalegea, mvua ikinyesha ni sabuni.
Mia mbili na kitu: duka la dawa.
Mia tatu na kumi:
mlango usio na bango, kengele ya shaba,
na Bi Velika, unga mpaka kwenye viwiko.

Vyumba sita tu. Kilichokuwa wazi kiko chini,
dirisha lake linatazama ukuta
na mtini uliojiotea ufani.
Mandhari? Hakuyataja.
Aliniuliza, "Huyo mama hushuka kitandani kwa upande gani?"
Sikujua. Nikampigia simu Shangazi, kwao ni usiku.
Kulia, akasema kwa usingizi.
Bi Velika akakishika kitanda miguu,
nami nikashika kichwani,
tukakisogeza mbali na ukuta.
Wala hakuniuliza jina langu.

Amefika Jumanne. Jumatano alfajiri
akatoka peke yake, akanikataza nisimfuate.
Nikakaa kwenye ngazi moja ya Bi Velika, moja tu,
chai ikanipoa mikononi.

Alirudi jua limeshapanda, midomo imekauka.
Sikumwuliza alichokiona.
Akakaa. Akavua kiatu. Akalisugua goti.

"Umekosea," akasema. "Ni mia tatu na hamsini na mbili.
Lako ulikuwa umeliazima."